Motari Akiwa Mbio, Usimcall

Ukishuka Gisenyi, huku Rwanda, jioni, barabara inateremka kali, na Ziwa Kivu linakutokea huko chini likiwaka. Juzi nilikuwa nimebebwa na motari, hivyo ndivyo huku wanamuita msee wa nduthi. Fone yake ikalia. Hakupaki. Aliisukuma ndani ya helmeti, ikakaa hapo kando ya sikio, akaanza kubonga shingo ikiwa imepinda. Mbele yetu lori lilikuwa linapanda. Nikamgusa bega: "Kaka, simama kwanza umalize." Akasimama.

Rwanda, kushika simu ukiendesha ni kosa, na kwa miaka mingi faini yake ilikuwa faranga 10,000. Kenya nayo, tangu 2016, dere akinaswa na fone gari likitembea ni 2,000 bob. Hiyo ganji inauma, lakini si hiyo ndiyo noma.

Chukua basi za abiria za hapa Rwanda. Zimefungwa vidhibiti mwendo, zisipite kilomita 60 kwa saa. Sasa piga hesabu: kwa 60, kila sekunde unakula karibu mita 17. Dere akicheki meseji sekunde tatu, mita 50 zimeenda kama amefunga macho. Kidhibiti kinashika mguu wake, macho hakiyawezi. Shirika la Afya Duniani linasema dere anayetumia simu yuko kwa risk ya ajali karibu mara nne zaidi. Na usijidanganye na earphone: mikono iko free, lakini akili bado iko kwa stori.

Tangu 2019 polisi wa Rwanda wanapiga kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fika salama. Watu wengi wanadhani hiyo maneno ni ya dere peke yake. Mimi pia nilidhani hivyo, hadi motari alipokata simu akaniambia nani alikuwa anapiga: kastoma, anangoja pale mpakani, Petite Barrière, anauliza "Ugeze he?" Umefika wapi?

Hiyo swali tunaiuliza sisi wote, kila siku, na tunakasirika isipojibiwa. Manze, tuiache. Ukijua msee yuko barabarani, mtumie meseji moja, ungoje apaki. Na ukiwa umebebwa, ongea bila kuogopa. Asiposhika simu yako leo, usimnunie. Anakuja.