Maruweruwe, Njozi au Maono? Jinsi ya Kuzitaja na Kuzifasiri Taswira za Iboga

Katika somo la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu kifungu cha Kifaransa kuhusu Bwiti, dini ya jadi ya Gabon. Katika dini hiyo mwari hula gome la mzizi wa iboga, na usiku kucha huona taswira ambazo wenyewe huzieleza kuwa ni safari ya kuwaendea wahenga. Neno moja la Kifaransa lilizaa tafsiri tatu: maruweruwe, njozi na maono. Darasa lilibishana hadi kipindi kikaisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubishi ule haukuwa wa bure.

Awali ya yote, tutazame maana. Maruweruwe ni kuona kisichokuwapo. Anayelitumia neno hili ameshahukumu kwamba mwonaji amedanganyika. Maono, hasa kwa wasomaji wa Biblia, ni jambo ambalo mtu hufunuliwa na nguvu iliyo nje yake, anayelitumia ameshakubali. Njozi imo katikati, ndiyo maana wengi waliichagua. Hata hivyo, wanafunzi wetu wanapaswa kujihadhari: neno hili linafanana na inzozi ya Kinyarwanda, ambayo ni ndoto za usingizini, ilhali mwari wa Bwiti yu macho.

Wanasayansi nao walikumbwa na tatizo hili la jina. Albert Hofmann wa Uswisi aligundua athari za LSD mwaka 1943. Baadhi ya madaktari wa akili waliziita dawa za aina hiyo viigizi vya wazimu. Mnamo mwaka 1957 Humphry Osmond alipendekeza jina jingine lililoundwa kutokana na Kigiriki, lenye maana ya kudhihirisha nafsi, na hapo ndipo tulipopata saikedeliki. Dawa ni zile zile, lakini kila jina lina fasiri yake ndani.

Je, taswira zenyewe ni nini? Mwaka 1928 Heinrich Klüver alichapisha uchunguzi wake kuhusu meskalini, kemikali ya mpungate wa peyote. Aliona kwamba maumbo fulani hujirudia kwa watu mbalimbali: wavu, utando wa buibui, handaki na mzunguko kama wa konokono. Maumbo haya huelezwa kwa jinsi sehemu ya ubongo inayohusika na kuona ilivyoundwa. Lakini maumbo si habari. Mwandishi Aldous Huxley alipokunywa meskalini mwaka 1953 alistaajabia maua ndani ya chombo na mikunjo ya suruali yake. Mwari wa Bwiti huwaona wahenga. Dawa hizo mbili hazifanani katika kila jambo, lakini tofauti haitoki kwenye dawa peke yake. Mtu huingia na matarajio yake, malezi yake na mazingira aliyomo. Aidha, mwari haachwi afasiri peke yake: huwasimulia wazee alichokiona, nao humsaidia kukipatia maana.

Kwa hiyo mfasiri afanye nini? Tunapendekeza ajiulize kwanza ni nani anayesema. Akisema muumini, tuandike maono, kwani hilo ndilo analodai. Akisema daktari anayeeleza dalili, tuandike maruweruwe. Akisema mtafiti asiyetaka kuhukumu, taswira au njozi zitatosha, mradi tueleze maana yake zinapotokea mara ya kwanza.

Jambo hili si la mapambo. Iboga inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na wapo waliokufa baada ya kuitumia. Kijitabu cha afya kitakachozungumzia maono matupu kitamficha msomaji hatari hiyo. Kwa upande mwingine, kitabu cha dini za Kiafrika kitakachoandika maruweruwe kila ukurasa kitakuwa kimewaita waumini wote wagonjwa, tena bila ushahidi wowote, kwa uteuzi wa neno tu.

Wanafunzi wale tuliwarudishia kazi zao bila kukata alama kwa neno lolote kati ya yale matatu. Tulikata kwa wale walioshindwa kueleza kwa nini walilichagua. Walimu wenzetu, tunawaomba mjaribu zoezi hili katika madarasa yenu.