Taa Juu ya Kilindi: Jinsi Dagaa wa Tanganyika Wavuliwavyo

Mtu asimamaye ufukoni Kigoma au Ujiji usiku usio na mbalamwezi huona mbali ziwani msururu wa taa, kana kwamba mji mwingine umezuka juu ya maji. Hao ni wavuvi wa dagaa. Hawakuchukua ndoana wala minyoo. Chambo chao ni mwanga. Na chini ya mitumbwi yao pana kilindi kisicho na mfano katika maziwa ya Afrika: Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali palipozama kuliko pote, na duniani ni Ziwa Baikal tu, huko Siberia, linalolishinda.

Wengi hudhani kwamba taa huwaita dagaa kutoka kilindini humo, na kwamba taa kali zaidi itawaita wengi zaidi. Dhana hiyo ina kosa ndani yake, na kosa lenyewe si dogo.

Dagaa wa ziwa hili ni wa aina mbili, nao wote ni jamaa wa dagaa wa baharini. Wa kwanza, ambaye wataalamu humwita Stolothrissa tanganicae, hufikia urefu wa sentimita 10 hivi na huishi katika maji ya wazi, mbali na ufuko. Wa pili, Limnothrissa miodon, ni mkubwa zaidi kidogo, na watoto wake hupenda maji ya kando. Huyu wa pili ndiye aliyepelekwa Ziwa Kivu na baadaye Ziwa Kariba, ambako nako huvuliwa kwa taa hadi leo. Nyuma ya wote wawili hufuata mgebuka, ambaye chakula chake ni dagaa.

Mchana dagaa hukaa chini, makumi ya mita kutoka usoni pa maji. Sababu ni chakula chao. Wao hula vijidudu vya majini vilivyo mfano wa kamba wadogo mno, navyo vijidudu hivyo huukimbia mwanga wa jua ambao ungevidhihirisha mbele ya adui. Jua likizama, vijidudu hupanda kuja kula mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ielelayo karibu na uso wa maji. Dagaa huvifuata vijidudu. Mgebuka humfuata dagaa. Basi kinachowapandisha dagaa ni giza! Taa huwakuta wamekwisha kupanda, nayo huwakusanya tu mahali pamoja: vijidudu hujazana penye mwanga, na dagaa, wawindao kwa macho, huona chakula chao na huonana wao kwa wao, wakafanya kundi.

Ushahidi wa jambo hili anao kila mvuvi. Siku za mwezi mpevu, nuru huenea juu ya ziwa lote; taa haina tena ubora juu ya mahali pengine, na samaki hutawanyika. Siku hizo wavuvi hubaki nchi kavu wakitengeneza nyavu. Kalenda yao ni ya mwezi, nayo ni fizikia safi.

Zamani mwanga ulitoka katika mienge iliyowashwa penye mtumbwi, na samaki walichotwa kwa lusenga, yaani wavu wa mfano wa mfuko uliofungwa kwenye mpini mrefu. Katikati ya karne ya 20 zikaja karabai, na pamoja nazo nyavu kubwa. Ule uitwao kipe hushushwa chini ya taa kutoka vyombo viwili vilivyounganishwa kwa miti. Kundi likikusanyika, wavu huinuliwa wote kwa pamoja. Siku hizi karabai zinaachia nafasi taa za umeme wa jua. Taa hizi nyeupe zina rangi ya buluu zaidi kuliko moto wa mafuta ya taa, na mwanafunzi atakumbuka kwamba maji huimeza rangi nyekundu upesi, ilhali buluu hupenya mbali.

Lakini hata mwanga upenyao mbali hauwezi kupata kisichokuwapo. Upande wa kaskazini wa ziwa, ukipita mita 100 hivi, na upande wa kusini mita 200 hivi, maji hayana oksijeni tena. Huko hapaishi samaki yeyote. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilindi kile cha ajabu ni tupu, ijapokuwa ni ghala: nitrojeni na fosforasi kutokana na mabaki ya viumbe vilivyokufa na kuzama zimelundikana humo kwa karne nyingi. Mimea midogo ya juu inaihitaji mbolea hiyo, nayo haipandi yenyewe.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani. Jaza maji baridi nusu ya bilauri ya kioo. Kisha mimina juu yake, polepole kwa mgongo wa kijiko, maji ya moto yaliyotiwa wino. Matabaka mawili yatakaa bila kuchanganyika. Puliza usoni pa maji taratibu, kisha kwa nguvu, utazame mpaka wake unavyotikisika. Ziwa Tanganyika hufanya vivyo hivyo. Juu maji yana nyuzi 24 hadi 28 za Sentigredi. Vilindini ni nyuzi 23 na kitu. Tofauti yaonekana ndogo, lakini katika maji ya joto kila nyuzi moja ina nguvu nyingi. Mita moja ya ujazo ya maji ya nyuzi 26 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 25 kwa gramu 260 hivi. Baina ya nyuzi 4 na 5 tofauti haifiki gramu 10.

Wa kupuliza ni upepo wa kusi uvumao Mei hadi Septemba. Huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kusini maji ya chini hupanda pamoja na mbolea yake. Hesabu ya dagaa huanzia hapo.

Sasa tabaka la juu linazidi kupata joto, na kuchanganyika kunazidi kuwa kugumu. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature makadirio kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo laweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake, waliochunguza tope la chini ya ziwa, walionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara, na kwamba eneo la sakafu ya ziwa lenye oksijeni limepungua kwa asilimia 38 tangu mwaka 1946.

Haifuati kwamba wavu hauna lawama. Ziwa litoalo kidogo huumizwa upesi zaidi na wavuvi wengi, na taa haimbagui mtoto wa samaki na mkubwa wake. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa baharia asiye na shamba, na kwa mwanamke aanikaye dagaa mchangani, miezi mitatu ni mirefu. Lakini hiyo ndiyo miezi ya kusi, wakati ghala la chini linapofunguliwa kidogo.