Kutambua Chanzo cha Joto kutokana na Athari Zake: Uwezo na Mipaka ya Algoriti Zilizoigwa kutoka Maumbile

Ikisiri
Makala haya yanafafanua namna algoriti zilizoigwa kutoka maumbile zinavyotumika kutatua matatizo kinyume ya upitaji wa joto. Hoja kuu ni kwamba algoriti hizo hupanua uwezo wa kusaka jibu, lakini haziongezi taarifa isiyokuwamo katika vipimo.

1.0 Utangulizi
Katika tatizo la kawaida la upitaji wa joto, sifa za kitu na joto linalokiingia hujulikana, kisha halijoto ya ndani hukokotolewa. Tatizo kinyume huanzia upande wa pili: halijoto imepimwa, na kinachotafutwa ni kiasi cha joto kilichoingia au sifa za kitu chenyewe. Njia hii hutumika pale ambapo kipimajoto hakiwezi kustahimili mazingira ya upande wenye moto, kama vile ndani ya tanuri.

2.0 Kiini cha ugumu
Mwanahisabati Mfaransa Jacques Hadamard alieleza kwamba tatizo lililoundwa vyema huwa na jibu, jibu hilo ni moja tu, na halibadiliki ghafla data inapobadilika kidogo. Matatizo kinyume ya joto hukiuka hasa sharti la tatu. Tuchukulie ukuta mnene wa matofali ambao kasi ya usambaaji wa joto ndani yake ni mita za mraba 0.0000005 kwa sekunde. Katika kina cha sentimita 12, badiliko la halijoto lenye mzunguko wa saa 24 hubaki na takriban 36% ya ukubwa wake wa usoni. Badiliko lenye mzunguko wa saa moja hubaki na chini ya 1%. Kwa hiyo, anayekokotoa kurudi nyuma ili kupata badiliko hilo la saa moja hulazimika kuzidisha kipimo kwa takriban 150. Kosa la nyuzi 0.1 hugeuka kuwa kosa la nyuzi 15.

3.0 Utendaji wa algoriti
Algoriti za kijenetiki, zilizofafanuliwa na John Holland katika kitabu chake cha mwaka 1975, huiga urithi na uteuzi wa viumbe. Algoriti ya kundi la chembe, iliyowasilishwa na James Kennedy na Russell Eberhart mwaka 1995, huiga mwenendo wa makundi ya ndege na samaki. Katika algoriti hii, kila chembe ni pendekezo la jibu. Halijoto inayotokana na pendekezo hilo hukokotolewa na kulinganishwa na iliyopimwa. Kisha chembe husogea kwa kufuata jibu bora ililowahi kupata yenyewe na lile lililopatikana na wenzake. Mteremko wa kosa hauhitajiki, na uwezekano wa kunaswa katika jibu bora la eneo dogo tu hupungua.

Faida hiyo ina gharama. Chembe 30 zikisogezwa mara 200, tatizo la kawaida hutatuliwa mara 6,000. Iwapo kila utatuzi huchukua dakika moja, kazi nzima itachukua saa 100.

4.0 Mipaka
Iwapo data zote ni za halijoto pekee, bila kipimo chochote cha joto linaloingia wala chanzo cha ndani kinachojulikana, kinachoweza kutambulika ni uwiano kati ya upitishaji joto na uwezo wa kuhifadhi joto. Thamani ya kila kimoja haipatikani, hata algoriti iwe hodari kiasi gani. Vilevile, kosa likipunguzwa kupita kiasi, jibu huanza kufuata kelele za vipimo. Ndiyo maana mbinu ya Andrey Tikhonov ya mwaka 1963, inayotoza adhabu majibu yanayoyumbayumba, bado huhitajika. Aidha, David Wolpert na William Macready walithibitisha mwaka 1997 kwamba hakuna algoriti inayozishinda nyingine zote kwa wastani wa matatizo yote yawezekanayo.

5.0 Hitimisho
Jina la mnyama aliyeigwa si kigezo cha ubora. Washauri wa sera wanaopima mapendekezo ya utafiti wanapaswa kuuliza mambo matatu: je, kinachotafutwa kinaweza kutambulika kwa vipimo vilivyopo? Je, jibu limeambatanishwa na kiwango cha shaka? Je, algoriti imelinganishwa na mbinu za zamani kwa gharama ileile ya ukokotozi? Pale ambapo jibu la swali la kwanza ni hapana, fedha zitumike kwanza kuongeza au kusogeza vipimajoto.