Kutengeneza tovuti: kijana atajuaje kwamba yuko tayari kwa kazi ya kwanza?

Vijana wanaojifunza kutengeneza tovuti huko Goma, Bukavu ao Lubumbashi mara nyingi wanangoja wamalize kwanza HTML, CSS na JavaScript. Hazimaliziki. Tovuti ya kwanza duniani, ambayo Tim Berners-Lee aliiweka CERN, Uswisi, mwaka wa 1991, ilikuwa maandishi na viungo tu, bila picha hata moja, na ilifanya kazi yake.

Mteja wa kwanza huwa ni mwenye duka, hoteli ndogo ao shule. Hatauliza lugha ya kompyuta iliyotumika. Anataka watu waone bei na namba ya WhatsApp kwenye simu ya kawaida, bila kumaliza mega zao. Picha ya megabaiti 5 inaweza kupunguzwa hadi chini ya kilobaiti 200 na bado ionekane vizuri. Asiyejua kufanya hivyo, bado kidogo.

Je, amekwisha kujenga tovuti moja nzima, hata ya shangazi anayeuza vitenge, ikaharibika, akaitengeneza mwenyewe? Basi aombe kazi.

Ila kuna hili la pesa. Jina la tovuti, kama yale yanayoishia na .cd, linalipiwa kila mwaka. Mteja ajulishwe bei hiyo kabla ya kutoa dola ya kwanza, na jina liandikishwe kwake. Fundi akiliandikisha kwa jina lake mwenyewe kisha wakagombana, duka linabaki bila tovuti, na mtaa wote unajua ni nani aliyeifunga.