Mvinyo wa Baridi: Kuonja Chardonnay ya Shamba la Familia

Mtashangaa kukuta habari za mvinyo katika ukurasa huu ambao kwa kawaida huzungumzia mishahara, likizo na fidia. Lakini mvinyo ni kazi kama kazi nyingine. Kila chupa imepita mikononi mwa mpogoaji, mchumaji, mbeba kreti, mtu wa mapipa, dereva, na mwisho mhudumu wa hoteli anayeifungua mezani. Wanachama wetu wa mahoteli huzifungua chupa hizo kila jioni, na wengi wao hawajaambiwa kilichomo ndani. Wale ambao dini yao haiwaruhusu kunywa, nawaomba wasome kwa ajili ya kazi yenyewe.

Iko sababu nyingine ya kuandika. Katika mazungumzo ya mkataba na hoteli moja, ambayo sitaitaja, upande wa mwajiri ulituambia kwamba wahudumu wa meza ni wabeba sahani tu, hawana ufundi, na kwa hiyo hawawezi kupandishwa daraja la mshahara. Wakati huohuo mgeni huuliza, "Huu mvinyo mweupe ukoje?" na anategemea yule mbeba sahani amjibu. Mkataba huo bado uko mezani. Mimi naona jibu la swali la mgeni ni ufundi, na ufundi una bei.

Sasa tuje kwenye zabibu yenyewe. Huandikwa Chardonnay, hutamkwa Shadone. Ni zabibu nyeupe, na asili yake ni Burgundy nchini Ufaransa, ambako kuna hata kijiji chenye jina hilo. Matajiri wa dunia wameipa heshima kubwa mno. Lakini mwaka 1999 wataalamu waliopima urithi wa mizabibu walitoa habari kwamba mzazi mmoja wa Chardonnay ni Pinot, zabibu ya mabwana, na mzazi wa pili ni Gouais Blanc, zabibu ya wakulima wadogo ambayo mabwana waliidharau siku zote. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Huyo mheshimiwa anayekaa kwenye meza za mabalozi ni mtoto wa mkulima.

Chardonnay ina tabia moja ambayo ni lazima kuielewa kabla ya kuionja. Haina kelele. Yapo mazabibu ambayo harufu yake hukujulisha jina lake hata ukiwa umefumba macho. Hii hufuata mahali ilipopandwa na mkono wa aliyeitengeneza. Ndiyo maana watu husema Chardonnay ya baridi na Chardonnay ya joto, kana kwamba ni mimea miwili.

Zabibu inapoiva, sukari hupanda na uchachu hushuka. Jua kali na usiku wa joto huunguza uchachu upesi, na sukari hukimbia mbele. Ukivuna hapo, mvinyo unakuwa mnene, wenye nguvu ya ulevi, na harufu ya nanasi na embe. Mahali pa baridi tunda hukaa muda mrefu mtini, linaiva polepole, na uchachu haupotei wote. Sisi wa Uganda tunaweza kulielewa jambo hili kwa kahawa. Arabika ya Bugisu, juu kwenye mabega ya Mlima Elgon, huiva polepole katika hewa ya ubaridi, nayo ina ukali safi ambao robusta ya tambarare haina. Wenzetu wa Dodoma, Tanzania, wanalima zabibu katika nchi kavu yenye jua, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Sisemi mvinyo wa Dodoma ni mbaya, la hasha. Ila mzabibu usiopata kipupwe cha kuulaza usingizi hauwezi kutoa kitu kilekile.

Chardonnay niliyoionja mimi ilitoka Afrika ya Kusini, katika bonde liitwalo Hemel-en-Aarde, maana yake Mbingu na Dunia. Liko nyuma ya mji wa Hermanus, kama kilomita 120 kutoka Cape Town, karibu na bahari ambayo watu huenda kutazama nyangumi. Upepo wa bahari huingia bondeni na kuzipoza zabibu wakati ambapo mashamba ya bara yanaungua. Zamani, katika karne ya 19, watu wenye ukoma waliwekwa katika bonde hilo, kisha wakahamishiwa kisiwa cha Robben, kisiwa ambacho baadaye sote tulikijua kwa sababu ya wafungwa wake.

Shamba lenyewe linaitwa Hamilton Russell. Mwaka 1975 Tim Hamilton Russell, mtu wa kampuni ya matangazo ya biashara kutoka Johannesburg, alinunua hekta 170 akitafuta mahali pa baridi kuliko kwingine kote kulikolimwa zabibu. Mvinyo wa kwanza ulitoka mwaka 1981. Tangu mwaka 1991 mwanawe Anthony ndiye aliyelishika shamba. Hekta 52 tu ndizo zenye mizabibu, nayo ni ya aina mbili, Pinot Noir na Chardonnay. Udongo ni wa mfinyanzi wenye mawe mengi, na si wenye rutuba. Mkulima wa ndizi angeukataa, lakini mzabibu ulioshiba hutoa majani mengi na matunda yasiyo na ladha, kwa hiyo udongo wa namna hiyo unaufaa.

Haikuwa rahisi kwao. Wakati ule KWV, ushirika mkubwa uliopewa nguvu na serikali ya makaburu, ndio uliokuwa ukiamua ni wapi paruhusiwe kulimwa zabibu za mvinyo, kwa mgao ulioanza mwaka 1957. Bonde hilo halikuwa na mgao. Kupata vipandikizi vya Chardonnay vilivyo safi nako kulikuwa shida, kwa kuwa karantini ilichukua miaka, na baadhi ya wakulima wa Rasi wakaanza kuviingiza kwa magendo. Katikati ya miaka ya 1980 serikali iliunda tume ya kuchunguza. Ikaonekana kwamba baadhi ya vile vipandikizi vya magendo havikuwa Chardonnay hata kidogo, bali Auxerrois, zabibu nyingine kabisa. Watu walikuwa wamevunja sheria kwa ajili ya mti usio wenyewe! Mgao ulifutwa mwaka 1992.

Aliyenionyesha kuonja ni dada mmoja mwanachama wa chama chao, mfanyakazi katika ghala la mvinyo. Tulikuwa tumekwenda Cape Town kwa semina ya vyama. Jioni aliweka bilauri mbili mbele ya kila mmoja wetu. Moja ilikuwa na Chardonnay ya bara lenye joto, ya pili ilikuwa ya Hamilton Russell. Hakutuambia ipi ni ipi. Alisema tu, "Ndugu zangu, msinywe kwanza."

Kazi ya kwanza ni ya macho. Unashika bilauri kwenye mguu wake, si kwenye tumbo, maana mkono una joto na utaupasha mvinyo. Unaiinamisha juu ya karatasi nyeupe. Moja ilikuwa ya dhahabu iliyokolea, nyingine ya manjano hafifu yenye kivuli cha kijani pembeni.

Kazi ya pili ni ya pua, na hapa ndipo penye mali. Unanusa mara moja bila kutikisa. Kisha unaizungusha ili mvinyo upande ukutani na kuachia harufu, halafu unanusa tena. Ile ya dhahabu ilinijia na nanasi bivu, ndizi, na utamu kama wa vanila uliotoka kwenye pipa. Ile ya kijani ilikataa kusema. Nilidhani imeharibika. Dada akaniambia ningoje, mvinyo wa baridi hutoka nje polepole kama mgeni mwenye haya. Baada ya dakika chache nilipata ganda la ndimu, kisha pea, kisha kitu ambacho sikuwa na jina lake. Nikamwambia kwamba kinanukia kama mawe mawili yaliyogongwa pamoja gizani, mchezo wetu wa utotoni. Akasema hilo ndilo jibu, na kwamba wenye vitabu hukiita gumegume.

Ya tatu ni kinywa. Unachukua funda dogo, unalizungusha ulimini na ufizini, unavuta hewa kidogo juu yake, ukiacha mezani adabu ulizofundishwa na mama. Ile ya joto ilijaa kinywani mara moja, ikawa nzito, na ikaisha. Ile ya baridi iliingia nyembamba, ikachoma pande za ulimi kama ndimu, mate yakajaa, halafu ikatanuka. Nilipokwisha kuitema ilibaki. Nilihesabu kimoyomoyo nikafika 20 na ladha ilikuwa bado ipo. Urefu huo ndio kipimo. Sukari na nguvu ya ulevi haviwezi kuununua.

Tena kulikuwa na kitu laini chini ya ule ukali, kama siagi kidogo na karanga zilizokaangwa. Dada alitufafanulia. Mvinyo wao huchacha katika mapipa ya mwaloni wa Kifaransa ya lita 228, na sehemu ndogo wamewahi kuichachisha katika vyungu vya udongo. Baada ya kuchacha huachwa ukae na mashapo ya hamira, nayo huupa unene. Halafu viko vijidudu vidogo vinavyougeuza ukali wa tofaa bichi kuwa ukali wa maziwa, na hapo ndipo harufu ya siagi inapotoka. Ukiruhusu kazi hiyo ipite kiasi katika mvinyo usio na uchachu, unapata siagi tupu. Ukiwa na uchachu wa kutosha, viwili hivyo hushikana mikono. Mimi nilipenda ya baridi, na nikasema. Wawili kati yetu walipenda ya joto, nao wana haki yao.

Kulikuwa na ndoo ya kutemea mezani. Mzee mmoja wa kwao, aliyefanya kazi mashambani tangu utoto, aliitazama ile ndoo kwa muda mrefu, akasema kwamba katika maisha yake hakuwahi kuona mtu akitema mvinyo. Wengi wenu mmesikia juu ya mfumo wa dop. Kwa vizazi vingi vibarua wa mashamba ya Rasi walipewa mvinyo wa ovyo kama sehemu ya ujira, mara kadhaa kwa siku, tangu asubuhi. Sheria iliukataza tangu miaka ya 1960, lakini uliendelea mashambani kwa miaka mingi baadaye. Matunda yake ni machungu. Jimbo la Western Cape ni miongoni mwa mahali duniani palipoandikwa idadi kubwa kabisa ya watoto waliozaliwa na madhara ya pombe waliyoyapata tumboni. Na hao waliopogoa na kuchuma zabibu nzuri walijua ladha ya mashapo tu. Sheria za kazi zenyewe hazikuwafikia wafanyakazi wa mashamba mpaka mwaka 1993. Mwaka 2012 walipogoma, wakianzia De Doorns katika mashamba ya zabibu za kula, kima cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku. Machi 2013 kikawa randi 105.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wenzetu wanaosema kuonja mvinyo ni mambo ya mabwana tuyaache. Mtu aliyelipwa kwa pombe alinyimwa mshahara na alinyimwa ladha pia. Kuonja ni kinyume cha kulewa. Ntsiki Biyela, aliyetoka kijijini KwaZulu, akasoma Stellenbosch na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Mwafrika mweusi kuwa mtengenezaji mkuu wa mvinyo nchini mwake, alilazimika kutafuta harufu za nyumbani kwao ili zichukue nafasi ya matunda ya Ulaya ambayo hakuwahi kuyaona. Leo ana mvinyo wake mwenyewe, Aslina, na Chardonnay imo. Huko Elgin, nchi ya matofaa yenye baridi, familia za wafanyakazi wa mashamba zilipewa hisa katika mvinyo uitwao Thandi, ulioanzishwa mwaka 1995. Si kila mradi wa namna hiyo ulifika mbali, lakini Thandi mwaka 2003 ulitangulia mivinyo yote duniani kupata cheti cha biashara ya haki.

Nasi tutumie maneno yetu. Fundi wa tonto huko kwetu hunusa kibuyu na kukuambia kama ndizi ziliivishwa vizuri na kama maji yamezidi. Pua hiyohiyo inatosha kwa Chardonnay. Mhudumu asikariri maneno ya kwenye karatasi ya hoteli. Aseme ndimu, aseme pea, aseme jiwe la mto.

Kwa wanachama wa mahoteli, haya ni ya kazini. Friji ya hoteli ni baridi mno kwa mvinyo huu, kwa maana pua haipati kitu. Itoeni chupa kama dakika 20 kabla, ifike nyuzi 10 hadi 13. Msijaze bilauri. Theluthi moja yatosha, harufu inahitaji nafasi. Chardonnay ya baridi inapatana na ngege wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu, na kuku wa mchuzi wa karanga pia. Pilipili nyingi huiua. Ile nzito ya joto mpeni mgeni anayekula nyama ya nguruwe ya kuchoma.

Chupa ikibaki nusu, msiimwage wala msiimalize jikoni. Ifungeni kizibo, irudisheni kwenye friji, na kesho yake mwonje tena. Ile ya joto itakuwa imelala. Ya Hemel-en-Aarde tuliionja siku ya pili saa nne asubuhi kabla ya kikao, na pea ilikuwa imetokea mbele ya ndimu.