Namba ya Gari Lako Inalala Polisi Siku Ngapi?

Katika Marekani, wenye haraka ya kufuta kuliko wote wako New Hampshire, jimbo dogo la kaskazini mashariki. Kamera ya polisi ikishasoma namba ya gari lako, ina dakika 3. Ndani ya dakika hizo kompyuta huilinganisha na orodha ya magari yanayosakwa: yaliyoibwa, ya watuhumiwa, ya watu waliopotea. Ukiwa kwenye orodha, kumbukumbu inabaki. Kama haumo, inafutwa, na kesho hakuna askari atakayeweza kuchungulia ulipita wapi. Sheria hiyo ni ya mwaka 2016. Wala si ajabu itoke huko, kwa kuwa vibao vya namba vya jimbo hilo vimebeba tangu 1971 kaulimbiu ya kuishi huru au kufa. Dereva mmoja, George Maynard, aliifunika kaulimbiu hiyo kwa sababu za imani yake, akashtakiwa, na mwaka 1977 akashinda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Watu wa pale hugombana na serikali juu ya kibao chenyewe, sembuse kamera inayokisoma.

Ujerumani hata dakika 3 wangeziona nyingi. Mwezi Machi 2008 Mahakama ya Katiba ilizitupa sheria za majimbo ya Hesse na Schleswig-Holstein, ikisema namba isiyotakiwa lazima ifutwe papo hapo bila kuacha alama. Desemba 2018 ikakaza zaidi: hata ikifutwa sekunde ileile, kitendo cha kuisoma kimeshaigusa haki ya dereva, kwa hiyo polisi wawe na sababu ya maana ya kuiweka kamera mahali hapo. Hukumu hiyo ya pili ndiyo kali kuliko zote ninazozijua.

Wenye subira sasa. Mwaka 2010 mwanasheria mkuu wa New Jersey aliwaruhusu polisi kukaa na kumbukumbu hizi miaka 5. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 3. Polisi wa jiji la New York nao walijiwekea miaka 5. Los Angeles, miaka 5 au zaidi, ndiko kulikopatikana lundo lililoshtua wengi: Februari 2020 mkaguzi wa jimbo la California alikuta picha zaidi ya milioni 320, na asilimia 99.9 zilikuwa za magari ambayo hayakuwa kwenye orodha yoyote yalipopigwa picha.

Hoja ya polisi si ya kupuuza. Maiti huweza kupatikana wiki nyingi baada ya mauaji, na genge la wizi hujulikana baada ya nyumba ya kumi. Hapo ndipo mpelelezi hutamani kujua gari gani lilipita mtaa ule mwezi uliopita. Lakini hoja hiyo inatetea miezi kadhaa. Miaka 5 sijaona aliyeitetea kwa kesi halisi, zaidi ya kusema huwezi kujua.

Zawadi ya sababu ya ajabu kuliko zote ya kufupisha muda naipa Oakland, California. Polisi wa huko walikuwa na mashine 33 za kusoma namba na hawakuwa na ukomo wowote wa kuhifadhi. Kati ya mwisho wa 2010 na Mei 2014 walikusanya kumbukumbu milioni 4.6 za magari yapatayo milioni 1.1; zilizolingana na orodha ya wanaosakwa zilikuwa kama mbili katika kila elfu. Wanaharakati walipiga kelele, wanasheria wakaandika barua. Kilichowashinda polisi kikawa kompyuta yenyewe: ilikuwa ya zamani, inaendeshwa kwa Windows XP, na diski yake ya gigabaiti 80 ilijaa, ikawa inagoma kila mara. Mwaka 2015 ikajulikana kwamba sasa wanahifadhi miezi 6. Haki ya raia ikaokolewa na diski iliyojaa!

Mji mdogo wenye ghala kubwa ni Milpitas, pia California. Ulikuwa na watu 67,000 na hadi Agosti 2012 kumbukumbu milioni 4.7, bila tarehe ya kufuta. Ni kama kila mkazi, na mtoto mchanga yumo, amesomwa mara 70. Huko San Leandro, mji mwingine wa California, raia mmoja aliomba kumbukumbu za gari lake akapewa picha 112. Moja inamwonyesha na binti zake wakishuka garini nyumbani kwao.

Mtu maarufu zaidi kunaswa katika wavu huu ni R.T. Rybak, aliyekuwa meya wa Minneapolis. Polisi wa jiji lake walikuwa wakihifadhi mwaka mzima, na kwa sheria za Minnesota wakati huo kumbukumbu hizo zilikuwa wazi kwa yeyote atakayeziomba. Agosti 2012 gazeti la Star Tribune likaziomba, likachapisha kwamba gari la meya limeonekana mara 41 katika mwaka mmoja. Ghafla suala likawa la dharura. Mwaka 2015 jimbo likaweka siku 60 kwa polisi wote. Cha kuchekesha ni kwamba polisi wa barabara kuu wa jimbo hilohilo walikuwa tayari wanafuta baada ya saa 48, na kazi ikiendelea.

Wakongwe ni Waingereza, waliobuni mashine hii mwaka 1976 na kumkamata mtu wa kwanza kwa msaada wake mwaka 1981. Walihifadhi miaka 2, wakapunguza hadi miezi 12. Mwaka 2020 kumbukumbu milioni 8.6 za safari za Sheffield zilikutwa mtandaoni bila hata nywila.

Muda mfupi nao hauzuii kila ubaya. Katika mji wa Sedgwick, Kansas, mkuu wa polisi alimtafuta mpenzi wake wa zamani kwa kamera hizi mara 164 ndani ya miezi minne hivi. Anayefuatilia mtu kila siku hahitaji kumbukumbu za mwaka jana.

Muda unaosambaa kwa kasi kuliko mingine leo ni siku 30, nao haukutoka bungeni. Ni muda wa kawaida unaokuja na mfumo wa Flock Safety, kampuni ya Atlanta iliyoanzishwa 2017 na kuuza kamera zake kwa maelfu ya miji. Norfolk, Virginia, iliweka kamera 172. Virginia hiyohiyo ndiko polisi wa Fairfax walikokuwa wakihifadhi siku 364. Raia aliwashtaki mwaka 2015, akashinda 2019, na 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo ikawarudishia polisi ushindi. Tangu Julai 2025 sheria ya jimbo inasema siku 21, kwa Fairfax na kwa Norfolk.