Mbio Zikiahirishwa, Mwili wa Farasi Hauahirishwi

Kwetu Genkuru ni nchi ya ng'ombe na punda. Farasi tunamjua kwa simu na kwa skrini za maduka ya kubeti, na huko kwenye skrini mara nyingi si farasi hata kidogo, ni mchoro wa kompyuta unaokimbia kila baada ya dakika chache, masika na kiangazi. Mchoro hauchoki wala hauvunjiki mguu. Ndiyo maana siwashangai vijana wanaoniuliza kwa nini farasi bingwa amesusa mbio kubwa, au kwa nini yule aliyebeba mikeka ya watu wengi ameishia nyuma. Kabla ya kumlaumu mpanda farasi au kushuku rushwa, tazama kalenda. Mbio zilipangwa lini, zikafanyika lini, na farasi huyo alikimbia mara ya mwisho lini?

Tuanze na farasi walio karibu nasi. Uwanja wa Ngong, Nairobi, umekuwa ukitumika tangu 1954, chini ya chama cha Jockey Club of Kenya, na mbio zake hufanyika Jumapili. Zamani Nakuru, Eldoret na Limuru nako kulikuwa na mbio. Leo macho yote ya wapenzi wa mchezo huo Kenya yako Ngong. Hapo ndipo uzito wa tarehe unapoonekana. Uingereza ina viwanja vingi, kwa hiyo mbio zikifutwa mji mmoja, farasi hupakiwa kwenye gari na kupelekwa mji mwingine wiki ileile. Wa Ngong hana pa kwenda. Mikusanyiko ilipopigwa marufuku Kenya Machi 2020 kwa sababu ya korona, wakufunzi walibaki na farasi waliokuwa tayari kukimbia, wanaokula kila siku, wasiojua kwamba kuna jambo lolote limetokea.

Kuwa tayari maana yake nini? Farasi wa mbio ana uzito wa karibu kilo 500, na akifungua miguu yote hupita kilomita 60 kwa saa. Katika kila hatua kuna nukta ambapo mguu mmoja tu wa mbele ndio uliogusa ardhi, nao hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili mzima. Mfupa ulio chini ya goti la mguu huo haujengwi na chakula peke yake, hujengwa na kazi. Mazoezi makali huutia nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Mwili huondoa sehemu iliyochoka, kisha hujaza mfupa mpya. Shida iko kwenye utaratibu wenyewe: kuondoa hutangulia, kujaza hufuata. Kwa wiki kadhaa mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa, na ukarabati huo hushika kasi hasa pale farasi aliyekuwa kwenye mazoezi makali anapopumzishwa. Kwa hiyo farasi aliyeandaliwa kwa ajili ya Jumapili fulani, akaambiwa asubiri mwezi mmoja, hawezi kuwekwa kwenye kilele kile kile kwa mwezi mzima. Mkufunzi lazima amshushe, halafu ampandishe upya polepole. Akimrudisha kwa pupa, mguu unaweza kuvunjika.

Mkulima wa Genkuru analijua hili kwa maksai wake. Mvua zikichelewa, maksai waliokaa bila nira tangu msimu uliopita hawafungwi plau na kulimishwa ekari nzima siku ya kwanza. Huanzishwa asubuhi, mifereji michache, mabega yazoee, kesho yake waongezewe.

Kwa hiyo kusogeza tarehe, kwenyewe, si dhambi. Nafasi kati ya mbio na mbio ikibaki ileile au ikaongezeka, na mkufunzi akajulishwa mapema, farasi huyastahimili mabadiliko. Kinachomuumiza ni kubanwa, na kutangaziwa mabadiliko kwa kushtukiza. Waandaaji wengi huitazama tarehe ya mbio zao tu. Farasi huishi ndani ya siku zilizo katikati.

Mfano mzuri ni wa Marekani, 2025. Mbio kuu 3 za farasi wa miaka 3 nchini humo, yaani Kentucky Derby, Preakness na Belmont, hukimbiwa ndani ya wiki 5. Farasi anayezishinda zote mwaka mmoja huingia katika historia, na mpaka sasa wamefika 13 tu. Sovereignty alishinda Kentucky Derby tarehe 3 Mei. Preakness ilikuwa wiki 2 tu mbele, na mkufunzi wake, Bill Mott, akaamua kumwacha zizini. Mashabiki walilalamika, na malalamiko yao yanaeleweka: walinyimwa ndoto ya bingwa wa 14. Tarehe 7 Juni Sovereignty alirudi kwenye Belmont na kushinda. Aliyemfuata alikuwa Journalism, farasi hodari aliyekuwa amekimbia zote 3 na kuichukua Preakness hapo katikati. Mimi nasimama na Mott. Tangu hapo hoja ya kutanua nafasi kati ya mbio hizo imepata nguvu zaidi, na naona inastahili.

Mwaka 2020 kalenda hiyohiyo ilipinduliwa kabisa na korona. Kentucky Derby, ambayo kwa desturi huwa Jumamosi ya kwanza ya Mei, ilisukumwa hadi 5 Septemba. Belmont, ambayo huwa ya mwisho, ikawa ya kwanza, tarehe 20 Juni, tena kwa umbali uliopunguzwa. Preakness ikaangukia 3 Oktoba. Mwezi Machi farasi wa kutazamwa alikuwa Tiz the Law. Alishinda Florida Derby, akashinda Belmont, akashinda Travers mwezi Agosti. Lakini Septemba ilipofika alimkuta Authentic, aliyezaliwa mwanzoni mwa Mei 2017. Kwenye tarehe ya zamani ya Derby, Authentic angekuwa hata hajatimiza miaka 3 kamili, na Juni alikuwa ameshindwa kule Santa Anita. Miezi ile 4 ilimkomaza. Alishinda Derby, Tiz the Law akawa wa pili. Kwa farasi wa umri huo miezi 4 ni sehemu kubwa ya maisha: kifua hupanuka, mifupa hukaza, akili hutulia. Na Derby ni ya farasi wa miaka 3 pekee, kwa hiyo kila farasi ana nafasi moja tu maishani. Kalenda ilimpa mmoja na kumnyima mwingine, na hakuna aliyekosa haki, maana wote walikimbia siku moja. Ila tusiseme kwamba tarehe haikuamua kitu.

Mashabiki walipoteza vya kwao. Derby ya Kentucky hufurika watu wapatao 150,000. Mwaka huo ilikimbiwa bila watazamaji. Uingereza, Grand National iliyokuwa ifanyike Aintree tarehe 4 Aprili 2020 ilifutwa kabisa, na Tiger Roll, aliyeishinda 2018 na 2019, akanyimwa jaribio la kuishinda mara 3 mfululizo, jambo ambalo hakuna farasi aliyewahi kulifanya. Alikuwa na miaka 10. Hakuikimbia tena hadi alipostaafu 2022. Siku ile televisheni ya Uingereza ilirusha mbio za kompyuta badala yake, Potters Corner akashinda kwenye skrini, na kampuni za kubeti zikatoa faida yake kwa mashirika ya hisani ya huduma za afya. Walifanya vyema. Lakini kwa Tiger Roll mwaka ule haukurudi.

Wasomaji wenye ndugu Ghuba watakuwa wamesikia mbio 2 zinazovuta farasi bora wa dunia: Dubai World Cup, iliyoanza 1996 na kwa kawaida huwa mwishoni mwa Machi, na Saudi Cup ya Riyadh, iliyozaliwa Februari 2020 ikiwa na zawadi ya dola milioni 20. Mbio hizi mpya zilipowekwa mwezi mmoja kabla ya zile za zamani, mwenye farasi bora alilazimika kuchagua, au kukimbia zote mbili na kuomba heri. Kati ya 2021 na 2025 hakuna farasi aliyeshinda zote mbili katika mwaka mmoja. Senor Buscador alishinda Riyadh Februari 2024, na wiki 5 baadaye akawa wa 3 Dubai. Mwaka 2025 Dubai World Cup ilikimbiwa tarehe 5 Aprili, Ramadhani ikiwa imekwisha, na nafasi ikawa wiki 6. Forever Young wa Japani, aliyetamba Riyadh, bado aliambulia nafasi ya 3. Kwa hiyo wiki za kupumzika si dawa ya kila kitu. Juhudi kubwa ya mbio za kwanza na safari za ndege nazo zina gharama yake. Wapo pia wanaostahimili: Country Grammer alikuwa wa pili Riyadh 2022, na baada ya wiki 4 akashinda Dubai.

Sasa turudi Afrika, kwani hapa kalenda ina bwana mwingine ambaye Wamarekani hawana habari naye. Kuna ugonjwa uitwao homa ya farasi ya Afrika. Unaletwa na virusi vya aina 9, na msambazaji wake ni usubi, yule mdudu mdogo anayezaliana kwenye matope na samadi na kuuma jioni na alfajiri. Mvua zikinyesha usubi huongezeka, na ugonjwa nao huongezeka. Farasi akishikwa kwa namna inayoshambulia mapafu, mara nyingi hafiki wiki. Punda milia huvibeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili, na punda wetu wa Afrika nao kwa kawaida hawaugui. Punda milia wapatao 200,000 hutembea na nyumbu katika Serengeti, na kati ya Julai na Oktoba wengi wao huwa upande wetu huu wa Mto Mara. Ukali wake ulionekana mwaka 2020: ugonjwa uliingia Thailand, ambako ulikuwa haujawahi kuonekana, na ukaua farasi zaidi ya 500.

Kinga iliyopo ni chanjo, na chanjo inataka nafasi. Hutolewa kwa dozi zinazopishana wiki kadhaa, na baada ya kila dozi farasi hupunguziwa kazi. Ndiyo maana ni bora chanjo ipangwe kipindi ambacho farasi hana mbio kubwa mbele yake. Mbio zikisogezwa hadi kipindi hicho, mkufunzi anabaki na machaguo mawili mabaya: amkimbize farasi aliyetoka kuchanjwa, au aiahirishe chanjo na mvua ziko njiani. Tena bingwa wa Kenya hawezi kukimbilia kalenda ya nchi nyingine kirahisi, kwa sababu farasi kutoka nchi zenye ugonjwa huu hukutana na masharti makali ya karantini. Kalenda ya kwao ndiyo maisha yake yote ya mbio.

Lamu kuna mbio ambazo tarehe yake huhama kila mwaka, na sijasikia mtu akilalamika. Mbio za punda za wakati wa Maulidi hufuata mwezi wa Mfungo Sita, kwa hiyo katika kalenda ya kawaida hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Kwa miaka mingi zitapita kwenye masika, kwenye kiangazi na kwenye vuli. Lakini kila mwenye punda anajua mwaka mzima kabla kwamba zamu yake inakuja, na mwaka ujao inakuja lini. Mabadiliko yanayojulikana mapema mtu huyapangia.

Waandaaji wa mbio wa Afrika Mashariki, iwe za farasi au za punda, nawaomba mambo matatu. Tangazeni kalenda ya msimu mzima kabla msimu haujaanza, na mkilazimika kuibadilisha, msiruhusu mbio 2 kubwa zikaribiane chini ya wiki 3. Mshirikisheni daktari wa mifugo kabla ya kuchapa tarehe, na si baada ya mguu kuvunjika. Nanyi mashabiki, bingwa wenu akitolewa kwenye mbio kwa sababu zimemjia mapema mno, msimzomee mkufunzi. Fedha ya tiketi hurudishwa, lakini farasi aliyevunjika mfupa ule wa chini ya goti mara nyingi huishia kuuawa ili asiteseke.